Tupa Huenda Mbele Tu

Gatheru amerudi na msumeno wake ndani ya gunia la sukari,
mnyororo umelegea kama mshipi wa mtu aliyekonda.
"Haukati," asema. "Unapiga kelele tu na kutoa moshi."
Simjibu. Nakung'uta gunia juu ya benchi:
unga. Mwembamba, wa kupepetwa.
Msumeno wenye meno hutoa vipande sawa na ukucha.
Usio na meno husaga.

Hapa Kariobangi, nyuma ya wachomelea vyuma,
nina jiliwa, tupa tatu za mviringo, moja bapa,
na mswaki mkuukuu wa binti yangu Mwongeli,
haufai tena kinywani
ila kwa chujio la hewa ni daktari.

Nafungua plagi. Nyeusi tititi.
"Oili ulipima na nini?"
"Kifuniko cha soda."
"Vingapi?"
Anatazama barabara.
Moja kwa hamsini, Gatheru. Moja kwa hamsini.
Injini hii haina figo.

Nachomoa upanga, nakwangua mfereji wake kwa spoku ya baiskeli,
uji wa mbao na oili unatoka kama nta ya sikio.
Naupindua, wa juu uwe chini:
upande uliofanya kazi jana nao upumzike.
Tone la grisi puani.

Kisha meno.
Jino la kwanza nalitia rangi ya kucha, nyekundu,
nisije nikazunguka mara mbili nikidhani ni moja,
kama nilivyowahi kufanya kwa mambo mengine.

Tupa huenda mbele tu. Mara tatu, nyuzi thelathini.
Kurudi, inua hewani; ukiikokota nyuma unaiua.
Alinifundisha marehemu Wafubwa,
mtu wa vidole saba na hesabu kamili.
Noa moja, ruka moja. Halafu geuka,
ushike kwa mkono usiozoea,
na hapo ndipo watu hudanganya: kulia tatu, kushoto mbili,
msumeno unakata kwa kupinda,
mti unalalia ukuta wa jirani.

Jino la kumi na tisa limemeguka.
Kidonda kinang'aa. Si mchanga, si jiwe.
"Msumari," nasema.
Gatheru anakalia debe.

Ulikuwa mjakaranda, Kileleshwa, kando ya lango,
panajengwa ghorofa kumi na nne.
Msumari ulikuwa ndani, kina cha kiganja,
gome lilikwisha kuufungia mdomo zamani.
Aliyeupigilia alikuwa akitundika kibao, Mbwa Mkali,
au akifunga kamba ya kuanikia nepi.
Mbwa amekufa.
Mwenye nepi pengine ndiye anayejenga ghorofa.

Sina la kusema juu ya miti. Karo ya Mwongeli hutoka humu.
Ila sasa meno yote lazima yashuke
yalifikie lile lililoumia;
mnyororo hufuata jino fupi kuliko yote.
Nawapunguza wazima. Tatu, inua. Tatu, inua.
Na kile kipimio mbele ya kila jino
nakipitishia tupa bapa mara moja, si mbili:
jino likiachiwa pakubwa
hung'ata lisichoweza kumeza.

Nakaza. Nauvuta mnyororo kwa kidole,
unainuka kidogo, unarudi mahali pake.
Gatheru anavuta kamba. Mara ya tatu unanguruma,
anauonjesha kigogo cha mkaratusi
na vipande vinaruka, vinene,
vinanukia dawa ya kikohozi mtaa mzima.

Amelipa. Hajaondoka.
Anaingiza mkono mfukoni, anauweka juu ya benchi,
mweusi, umepinda kidogo tu.
"Nilidhani utataka kuuona."

Naunyoosha kwenye jiliwa.
Naupigilia ukutani.
Natundika mswaki.